Kifungu cha 220 kiko na mkia: haki ya jimbo si zawadi ya Kinshasa

Uvira, Novemba 2024

Ndugu na dada wa Kalundu, wa Mulongwe, wa Kagando, na nyie wenye munakaa karibu na mpaka wa Kavimvira: tuanze na hesabu ndogo ya soko.

Mama mmoja anashuka ku ufuko saa kumi na moja ya asubuhi kununua ndagala. Wengi kati yetu tulisoma juu ya mama wa namna hiyo; minervale yetu ilitoka mu kitunga chake. Kabla ya saa sita amekwisha kulipa mara tatu ao ine. Wa kwanza alimupa karatasi yenye muhuri. Wa pili alimupa karatasi bila muhuri. Wa tatu hakumupa kitu, alimwangalia tu na akanyoosha mkono. Jioni mama anarudi nyumbani, anapita mu matope, anabeba maji ku bidon juu robine imekauka, anawasha kitochi juu umeme umekatika. Muulize: mama, leta ni nini? Atakujibu bila kuwaza sana: leta ni ule mkono.

Sisi vijana tumezoea kusema kama leta haiko, kama leta ilitutupa. Si kweli. Leta iko, tena iko mingi. Iko ku barabara, ku bandari, ku mpaka, ku soko, ku mlango wa butiki. Kwa kukamata iko karibu sana, lakini kwa kujibu iko mbali. Unalipa hapa, unalalamika Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,500 kutoka ku ziwa yetu, na hakuna barabara ya kukufikisha kule.

Hiyo njo shida tunataka kuzungumuza leo, juu wakati umefika.

Mkia wenye hakuna mtu anasoma

Tarehe 23 Oktoba 2024, kule Kisangani, Raisi Félix Tshisekedi alitangaza kama mwaka 2025 ataweka komisyo ya kuwaza juu ya Katiba yenye inafaa hali ya nchi yetu. Tangu siku ile, mu magrupu ya WhatsApp, ku kijiwe cha mamotari, mu ligabo ya chuo, kila mtu anataja kifungu cha 220. Na kila mtu anakitaja juu ya jambo moja tu: mihula ya Raisi. Ni jambo kubwa, hatulidharau. Lakini tunaomba kila mmoja wetu afungue Katiba na asome kile kifungu mpaka mwisho.

Sehemu ya kwanza inataja vitu vyenye haviwezi kuguswa: umbo la Republika, uchaguzi wa raia wote, idadi na urefu wa mihula ya Raisi, uhuru wa mahakama, wingi wa vyama. Watu wengi wanaishia hapo. Sasa soma sehemu ya pili. Inakataza wazi mabadiliko yoyote ya Katiba yenye kusudi lake ao matokeo yake ni kupunguza haki na uhuru wa mtu, ao kupunguza mamlaka ya majimbo na ya miji, makomini, sekta na mashefri.

Uhuru wa mtu na mamlaka ya jimbo viliwekwa mu sentensi moja. Haikuwa bahati mbaya. Wenye waliandika Katiba ile, yenye raia walikubali mu kura ya maoni ya tarehe 18 na 19 Desemba 2005 na yenye ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006, walikuwa wametoka mu miaka 32 ya Mobutu na mu vita mbili. Walijua kama nguvu yote ikikaa mu mkono mmoja, mtu mdogo hana fasi ya kukimbilia. Gavana anamuogopa waziri, meya anamuogopa gavana, shefu anamuogopa meya, na wewe unawaogopa wote. Lakini kama meya yuko hapo juu ulimuchagua, na pesa yake inatoka hapa, yeye naye anaanza kukuogopa kidogo. Kule kuogopa kidogo njo mwanzo wa uhuru.

Franka 100 zinaenda wapi?

Kifungu cha 175 kinasema: fungu la majimbo mu mapato ya taifa ni 40 kwa mia, na linakatwa pale pale pesa inapoingia. Hakusema pesa ipande kwanza Kinshasa, ilale kule, kisha wakikumbuka watume sehemu. Ilisema inakatwa hapa hapa. Na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, makomini, sekta na mashefri inaongeza: mu lile fungu la jimbo, 40 kwa mia ni yao.

Chukua kalamu. Mu franka 100 za mapato ya taifa, 40 ni za majimbo. Mu zile 40, 16 zinashuka mpaka ku mji, ku komini, ku sekta, ku shefri. Jimbo linabaki na 24. Hiyo ni sheria, si maombi.

Mu matendo, tangu 2006 mpaka leo, chini ya maraisi wawili, kunafanyika kinyume. Pesa inapanda yote, kisha inashuka kidogo, kwa kuchelewa, na jina lake limebadilika: inaitwa kurudishiwa. Angalia lile neno. Mtu anachukua kitu chako, anakurudishia kipande, na unapaswa kusema aksanti. Gavana anapanda ndege kwenda kuomba haki yake, na akifika kule anageuka muombaji. Na muombaji hapigi kelele juu ya barabara ya raia wake, anapigia makofi mwenye kumupa.

Tupime na jirani. Kenya, Katiba yao ya mwaka 2010 iliumba kaunti 47, na inasema kaunti zitapata angalau 15 kwa mia ya mapato ya taifa. Kumi na tano tu, sisi arobaini! Ku karatasi tunawashinda mbali. Lakini kule raia wenyewe wanachagua gavana wao kwa kura ya moja kwa moja tangu 2013, na pesa ikichelewa, magavana wanasimama wote pamoja wanalaumu Nairobi mbele ya televisheni. Kaunti zao ziko na wezi wao pia, tusidanganyane. Ila mwizi akionekana, mwenye kupiga kura anajua mlango wake. Basi arobaini ya ku karatasi inashindwa na kumi na tano ya mu mkono.

Mji wenye haujawahi kuchagua meya

Kifungu cha 3 cha Katiba kinasema miji na makomini vinaongozwa na viongozi wa pale pale. Sheria ya 2008 inaeleza namna: raia wanachagua washauri wa komini, washauri wa komini wanachagua washauri wa mji, na wale washauri wa mji wanachagua meya.

Uvira ni mji. Iko na komini tatu. Lakini chini ya Katiba hii hatujawahi kuchagua hata mshauri mmoja wa komini. Tarehe 20 Desemba 2023, wakati nchi nzima ilienda ku kura, uchaguzi wa washauri wa komini ulifanyika tu mu miji mikubwa yenye ni makao ya majimbo. Sisi tulipewa karatasi za Raisi, za deputé wa taifa na za deputé wa jimbo, kisha tukarudi nyumbani. Meya wetu anatoka mu ordonansi ya Raisi, sawa na zamani.

Hatumuchukii mtu yeyote mwenye kukaa mu ile ofisi. Hata malaika akitumwa na Kinshasa, ataangalia Kinshasa. Jicho la mfanyakazi linaenda kwa mwenye kumulipa na mwenye kumufukuza.

Kumbukeni usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Mvua ilinyesha, mto Mulongwe ukatoka mu njia yake, ukapita mu nyumba za watu. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka. Kisha ziwa nayo ikaanza kupanda, na watu wa pembeni ya maji wakaacha nyumba zao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni nani anajua mahali mto unapenda kupasuka, mfereji gani umejaa uchafu, ni fasi gani watu waliuziwa kiwanja mu njia ya maji? Mzee wa karitie anajua. Mama wa pale anajua. Mwenye kukaa mu wizara hajui, na si kosa lake, haishi hapa. Kosa ni la utaratibu wenye unaweka pesa na uamuzi kwa yule mwenye hajui, na unaacha mwenye kujua na kolokolo tu mkononi.

"Munataka kugawanya nchi!"

Tunajua jibu lenye litakuja. Kila mara ukisema jimbo lipewe haki yake, mtu anaruka: fédéralisme! balkanisation! Na kwetu huku, mu Kivu, yale maneno yanaumiza kweli, juu tumeona majeshi ya kigeni na tumezika watu. Kwa hiyo tujibu kwa heshima, na historia.

Ni kweli, tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Katanga ya Tshombe ilijitenga, nyuma yake makampuni ya madini na askari Wabeleji. Kasai ya Kusini ikafuata. Woga wa Kinshasa ulizaliwa pale, na woga ule una sababu. Lakini angalieni kilichofuata. Katiba ya Luluabourg, ya tarehe 1 Agosti 1964, iliyapa majimbo mamlaka mengi. Wakati ule yalikuwa 21. Mobutu alikamata nguvu tarehe 24 Novemba 1965. Alipunguza majimbo mpaka 12, kisha mpaka 8, na Katiba yake ya 1967 iliweka kila kitu mu mkono wake. Je, nchi ilipona? Kwa miaka 32 mkono ulikuwa mmoja, na mwaka 1996 vita ilipoanza huku kwetu, ile leta yenye nguvu zote haikuweza kusimama hata mwaka mmoja. Askari wake walikimbia, wengi wao wakinyang'anya raia njiani.

Leta nzito haikuilinda nchi. Nchi inalindwa na raia wenye wanaona kitu chao cha kulinda. Kijana wa Uvira mwenye anajua franka 16 zake zinafika ku komini, mwenye alichagua meya wake, huyo hawezi kudanganywa kirahisi na mtu wa kumwambia kama nchi hii si yake. Lakini kijana mwenye leta anaijua ku bariere tu, huyo utamuambia alinde nini?

Katiba inasema Kongo ni moja na haigawanyike. Tunashika neno hilo kwa mikono miwili. Ile Katiba yenye inasema moja, njo ile ile inasema 40 kwa mia. Huwezi kuchagua mstari wenye unakupendeza na kuruka mwingine. Mwenye anavunja kifungu cha 175 kila mwezi asitufundishe umoja.

Haki ya jimbo bila haki ya mtu

Sasa tujisemee sisi wenyewe, juu hapa njo pagumu.

Kule Marekani, marekebisho ya 10 ya Katiba yao, tangu mwaka 1791, yanasema mamlaka yenye haikupewa serikali kuu inabaki kwa majimbo ao kwa raia. Ni wazo zuri: serikali kuu ipewe kazi zenye zimehesabiwa, na isitoke nje ya ile hesabu. Lakini mabwana wa Kusini walichukua maneno ile ile, haki za majimbo, wakaitumia kulinda utumwa. Na miaka mingi baadaye, mwaka 1957, gavana wa Arkansas alituma walinzi wa jimbo kuzuia watoto tisa weusi kuingia shule kule Little Rock, mpaka Raisi Eisenhower akatuma askari wa serikali kuu kuwapitisha. Wale walisahau neno la mwisho la yale marekebisho: ao kwa raia.

Na sisi tusilisahau. Huku tunaishi Wavira, Wafuliru, Wabembe, Warundi, Wanyindu, Banyamulenge, Bashi, Barega na wengine wenye walikuja na kazi ao na ndoa. Kama mamlaka ya hapa itakuwa ya kabila moja juu ya lingine, ama ya kuuliza mtu babu yake alizikwa wapi mbele ya kumupa jeton, basi ni afazali tusiiombe. Fimbo itakuwa tu imebadilisha mkono. Kwa hiyo sisi hatuombi leta ndogo Kinshasa ili tupate mabwana wadogo Uvira. Tunaomba mipaka ku kila ngazi: ku Raisi, ku gavana, ku meya, ku shefu. Na chini ya wote, mtu mmoja mmoja, na haki yake yenye hakuna ngazi inaweza kumunyang'anya.

Wezi wa hapa wapo, tunawajua. Kunazo taxe zenye zilitungwa hapa hapa, bila Kinshasa kujua. Kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi bila sheria. Kinakatalia Kinshasa na kinakatalia Uvira pia. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariere karibu 800 mu Kivu zote mbili, zingine za watu wa silaha, zingine za askari na maofisa wa leta. Kila bariere ni kaserikali kadogo kenye hakana bunge.

Na mpaka? Dekreti ya tarehe 28 Machi 2002 ilisema ni huduma ine tu zenye ziko na ruhusa ya kufanya kazi ku mipaka: duane, OCC, uhamiaji na usafi wa mipaka. Ine. Ndugu, siku ukienda Bujumbura, simama Kavimvira na uhesabu meza. Hesabu kimya kimya, na uandike.

Kunazo kazi za juu

Hatusemi kila kitu kishuke. Kunazo kazi zenye hakuna mji unaweza kufanya peke yake. Jeshi ni moja. Pesa ni moja. Na ziwa yetu inatufundisha vizuri: samaki haombi visa. Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia ziliandikiana mkataba wa Tanganyika mwaka 2003, juu ukivua watoto wa samaki Kalundu, mvuvi wa Kigoma analala njaa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wake wa ziwa kutoka 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaane. Kazi ya namna hiyo inaomba mataifa yaongee, si komini.

Vilevile majimbo masikini yasiachwe. Katiba, kifungu cha 181, ilitenga 10 kwa mia ya mapato ya taifa yawekwe mu sanduku la kusawazisha, ili jimbo lenye halina madini ao mpaka lisibaki nyuma. Tunasimama na kifungu hicho pia, hata siku tutakayokuwa tunatoa kuliko kupokea.

Kanuni yetu ni rahisi: kazi yenye karitie inaweza, ifanywe na karitie. Yenye inaishinda, ipande ku komini, kisha ku mji, kisha ku jimbo. Kinshasa ibaki na yenye imetushinda wote. Leo tunafanya kinyume: kila kitu kinaanzia juu, na chini kunafika mabaki.

Na hata ile ya juu iwe na saa yake ya kurudi nyumbani. Tarehe 6 Mei 2021, état de siège iliwekwa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Magavana na mameya raia waliondolewa, wakawekwa wanajeshi na polisi. Katiba inasema siku 30, na kuongeza siku 15 kwa 15. Sasa imepita miaka zaidi ya mitatu na nusu. Ile mamlaka ya haraka imegeuka mgeni mwenye alikuja na begi la siku mbili, sasa anapaka nyumba rangi. Na usalama wenye tuliahidiwa? Waulizeni ndugu zetu wa Rutshuru na wa Masisi.

Na kumbukeni tarehe 20 Januari 2011. Wakati wa Kabila, Katiba ilibadilishwa haraka, na vifungu vya 197 na 198 vikampa Raisi nguvu ya kuvunja bunge la jimbo na kufukuza gavana wakati wa mzozo wa siasa. Kifungu cha 220 kilikuwako. Kilikuwa kinasoma sawa na leo. Kilikosa watu wa kukisoma kwa sauti. Tusikubali mara ya pili.

Tunaomba nini

Moja. Komisyo yoyote itakayowekwa isiguse sehemu ya pili ya kifungu cha 220, wala vifungu vya 3 na 175. Mbele ya kutuambia kama Katiba imeshindwa, itumieni kwanza.

Mbili. 40 kwa mia ikatwe hapa hapa, na kila mwezi karatasi ibandikwe ku ukuta wa meri na wa kila komini: pesa ngapi imeingia, imefanya nini.

Tatu. Tupewe tarehe ya uchaguzi wa washauri wa komini za Kalundu, Mulongwe na Kagando. Si ahadi. Tarehe.

Ine. Ku mpaka zibaki huduma ine. Na ku kila soko na kila bandari ibandikwe liste ya taxe zenye ziko mu sheria, mu Kiswahili, na bei yake. Yenye haiko mu liste isilipwe.

Tano. Mamlaka ya haraka ifuate siku zenye Katiba iliandika.

Na wewe, kijana wenzetu, kazi yako iko wapi? Hatukuambii usilipe kodi. Kifungu cha 65 kinatuamuru kulipa, na tutalipa. Lakini omba karatasi kila mara. Isome. Piga picha ya ile yenye haina muhuri, bila kuonyesha sura ya mtu. Msindikize mama yako ku soko siku moja, uandike mu kaye kila franka alitoa, kwa nani, juu ya nini. Mwisho wa mwezi tutaleta makaye yetu pamoja, tutayapeleka ku meri, ku bunge la jimbo, na kwa madeputé wetu wa taifa. Bila jiwe, bila tusi, bila kuchoma mpira. Na mtu akikuamuru ufanye kitu chenye kinavunja sheria wazi wazi, kifungu cha 28 kinasema hulazimishwe kutii. Na kinamuhusu polisi pia; mukumbushe kwa adabu, naye ni mtoto wa mama wa soko.

Kaye moja bei yake ni ndogo kuliko karatasi moja ya uongo yenye mama analipa asubuhi. Nunua leo. Anzia kesho, saa kumi na moja, ku ufuko.